Paa linavuja, kodi inadaiwa: Namna ya kumfanya mwenye nyumba atengeneze

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakutuambia la kufanya ikiwa ukuta wenyewe si wako. Hapa kwetu Pwani, kuanzia Likoni hadi Kisauni, Mtwapa hadi Malindi, watu wengi wanalala chini ya mabati yaliyotoboka kwa kutu ya bahari, wanapika kando ya shimo la choo lililojaa, na swichi za stima wanazizima kwa kijiti kwa sababu ya kuogopa kurushwa. Na kila mwanzo wa mwezi kodi wanalipa. Ukiwauliza mbona nyumba haitengenezwi, jibu ni lile lile: "Nimemwambia mwenye nyumba mpaka nimechoka."

Ndugu msomaji, neno hilo "nimemwambia" ndilo ninalotaka tulizungumze leo. Nimekuwa mpangaji kwa miaka mingi, na kwa kazi hii ya kuandika nimesikiliza ugomvi mwingi wa wapangaji na wenye nyumba. Mimi si wakili. Lakini jambo moja limenidhihirikia: malalamiko ya mdomo hayatengenezi nyumba. Kinachotengeneza nyumba ni malalamiko yaliyoandikwa, yaliyompata mtu anayehusika, yenye tarehe, huku kodi yako imelipwa na risiti iko mkononi. Mpangaji mwenye vitu hivyo vinne husikizwa. Asiye navyo huambiwa "inshallah wiki ijayo" mpaka masika yamkute.

Kwanza mjue mwenyewe hasa ni nani

Hili linaonekana jambo dogo, lakini Pwani si dogo. Katika mitaa yetu mingi ya zamani kuna utaratibu wa nyumba bila ardhi. Mtu mmoja ana shamba au kiwanja, mwingine amejenga nyumba juu yake na humlipa yule wa kwanza kodi ya ardhi. Wewe umepanga chumba kwa huyo aliyejenga. Mara nyingi mjenzi huyu huchelea kutia pesa nyingi katika nyumba kwa sababu hana hati ya ardhi, na wakati mwingine mwenye ardhi humkataza kujenga cha kudumu. Mpangaji akienda kumlalamikia mwenye ardhi ataambiwa hapamhusu. Anayekujibikia wewe ni yule uliyepatana naye na unayempa kodi.

Hali ya pili ni nyumba ya mirathi. Mzee amefariki, watoto ni saba, wawili wako Uarabuni, mmoja yuko Nairobi, na aliyebaki hapa ndiye anayekusanya kodi. Ukimwambia paa linavuja anakwambia, "Hii nyumba si yangu peke yangu." Hapo barua yako iandikie "warithi wa marehemu fulani", mpe yule anayekusanya kodi, na ukipata namba za wenzake watumie pia. Haiwezekani kodi ikawa na wa kuipokea, halafu matengenezo yakakosa mwenyewe.

Hali ya tatu ni nyumba ya wakfu, ambazo ni nyingi Mji wa Kale na kwingineko. Hizo huwa na msimamizi wake, na nyingine zinasimamiwa na Tume ya Wakfu yenye ofisi hapa Mombasa. Kwa nyumba ya aina hiyo una hoja yenye nguvu zaidi, maana wanavyuoni wamesema mapato ya wakfu kwanza huenda katika kuitunza mali yenyewe isije ikaanguka, kisha ndiyo wanufaika wapate chao. Na kama nyumba iko ndani ya Mji wa Kale, ujue pia kuwa ni eneo la uhifadhi. Kubadilisha roshani, mlango au sura ya nje kunataka idhini ya watu wa makavazi. Mwenye nyumba anaweza kukwambia anangoja kibali. Muombe akuonyeshe hilo ombi la kibali. Kuziba paa linalovuja ndani si sawa na kubomoa roshani.

Hali ya nne ni ya wakala. Siku hizi flati nyingi za Bamburi, Nyali na Mtwapa zinaendeshwa na wakala, na humjui mwenyewe hata kwa jina. Basi wakala ndiye mlango wako. Mwandikie yeye, na umtake aifikishe barua kwa mwenye nyumba.

Lipi lake, lipi lako

Ugomvi mwingi unazuka kwa sababu kila upande unamsukumia mwenzake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 ina kifungu cha 65 ambacho kila mpangaji anafaa kukijua. Kifungu hicho kinasema kuna ahadi ambazo mwenye nyumba anahesabiwa amezitoa hata kama hazikuandikwa popote. Moja ni kwamba nyumba, flati au chumba kiwe kinafaa kuishi binadamu siku unapoingia, na kibaki hivyo muda wote wa upangaji. Nyingine ni kwamba pale ambapo umepangishwa sehemu tu ya jengo, mwenyewe atatunza paa, kuta za nje na kuta kuu, mitaro mikuu, na sehemu za watu wote kama ngazi na ujia.

Hebu tuiweke sheria hiyo katika nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na ua nyuma. Paa ni lake. Kiwambaza kilichofanya ufa mpaka unaona nje ni chake. Choo cha pamoja na shimo lake ni lake. Nyaya za stima zilizo ndani ya ukuta ni zake, kwa sababu kampuni ya umeme kazi yake inaishia kwenye mita. Bomba kuu la maji linaloingia uani ni lake. Ukumbi na ngazi ni vyake.

Na wewe una yako. Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 66, inakutaka ulipe kodi, uitunze nyumba, umruhusu mwenyewe aingie kukagua akikupa taarifa ya kutosha, na siku ya kuondoka uiwache ilivyokuwa isipokuwa uchakavu wa kawaida. Balbu iliyoungua ni yako. Kioo alichovunja mtoto kwa mpira ni chako. Sinki lililoziba kwa sababu ya kumwaga makombo ya wali na miba ya samaki ni lako. Mpangaji anayedai matengenezo huku mlango ameuvunja yeye mwenyewe kwa hasira hapati wa kumuonea huruma.

Kuna pia hali ya maafa. Nyumba ikiharibiwa na moto, mafuriko au dhoruba bila ya kosa lako, hata isikalike, kifungu cha 65 kinasema kodi, au sehemu yake inayolingana na uharibifu, husimama mpaka nyumba ifanywe ya kukalika tena. Isipotengenezwa kwa miezi sita, unaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Lakini hapo pia usijipimie mwenyewe. Andikianeni ni kiasi gani kinasimama na tangu lini.

Usizuie kodi

Hapa ndipo wapangaji wengi wanapoharibu kesi nzuri. Hasira zinampanda mtu, anasema: "Hatengenezi, silipi." Haki yake inaonekana wazi machoni pake. Lakini sheria ina njia ya haraka kwa mwenye nyumba anayedai kodi. Iko sheria ya zamani, Sura ya 293, inayomruhusu mwenye nyumba kukamata mali ya mpangaji kwa malimbikizo ya kodi kupitia dalali wa mnada mwenye leseni. Ukiwa na deni la miezi miwili, mazungumzo si ya paa tena. Ni ya deni lako. Wewe uliyekuwa mdai umekuwa mdaiwa.

Nimeliona hili kwa macho yangu huko Kisauni. Katika nyumba moja shimo la choo lilikuwa limejaa na maji machafu yanapenya uani. Wapangaji walikuwa sita. Mmoja wao, kijana fundi wa pikipiki, alikasirika akagoma kulipa miezi mitatu. Dalali alipokuja alichukua runinga, godoro na sanduku lake la spana, ambalo ndilo lililokuwa likimlisha. Na shimo lilibaki vile vile. Mpangaji mwingine wa nyumba hiyo hiyo, mama mwenye mtoto mdogo aliyekuwa akiharisha kila baada ya siku chache, hakuacha kulipa hata mwezi mmoja. Yeye alishika kalamu. Nitakwambia alivyofanya.

Na kodi yenyewe ilipe kwa njia inayoacha alama. M-Pesa ni nzuri kwa sababu ujumbe wake una tarehe, jina na kiasi. Ukilipa taslimu, dai risiti au mtie saini kwenye daftari. Usikubali ule mchezo wa "nikatie kwenye dipoziti", labda iwe mmeandikiana. Dipoziti si kodi. Ni amana.

Kalamu kabla ya mdomo

Yule mama alianza na picha. Alipiga picha shimo, uani, na maji yanayopita karibu na jiko, asubuhi na jioni, siku tofauti. Simu huweka tarehe yenyewe. Kisha akanunua daftari la shilingi chache akaandika: siku gani aliongea na mwenye nyumba, alijibiwa nini, mtoto alipelekwa zahanati lini. Karatasi za zahanati akazihifadhi ndani ya daftari hilo. Halafu akaandika barua. Barua ya namna hiyo haihitaji Kizungu wala wakili. Inaweza kuwa hivi:

"Kwa Bwana mwenye nyumba. Assalaam aleykum. Mimi ni mpangaji wako wa chumba nambari 4. Kodi yangu nimelipa mpaka mwezi huu. Nakujulisha kwa maandishi mambo yafuatayo: Kwanza, shimo la choo limejaa tangu tarehe 2 na maji machafu yanatoka uani. Pili, ukuta wa choo umefanya ufa na mfuniko wa shimo umevunjika, watoto wanaweza kutumbukia. Nilikwambia kwa mdomo tarehe 5 na tarehe 11. Naomba shimo linyonywe na mfuniko uwekwe ndani ya siku 3, na ukuta utengenezwe ndani ya siku 14. Niko tayari kumfungulia fundi siku yoyote ukinijulisha mapema. Nimeambatanisha picha. Isipotengenezwa, nitalazimika kupeleka jambo hili kwa afisa wa afya. Wako, mpangaji."

Tazama yaliyomo. Haina matusi, wala haimtishi mtu kwa jambo lisilowezekana. Inasema kodi imelipwa. Inataja kila kasoro kwa jina lake badala ya kusema "nyumba ni mbaya". Inatoa muda, na muda wenyewe una mantiki: hatari siku chache, kazi ya ujenzi wiki mbili. Hizo siku si za sheria, ni za busara, na unaweza kuzipanga kulingana na kazi. Stima inayorusha watu haingoji wiki mbili. Rangi iliyobambuka inaweza kungoja.

Iandike nakala mbili. Moja mpe mkononi mbele ya shahidi, nyingine atie saini kuwa amepokea. Akikataa kutia saini, ipige picha umtumie kwa WhatsApp, na zile alama mbili za kuonyesha ujumbe umefika ziwe shahidi wako. Kama mpo wapangaji wengi wenye tatizo moja, tieni saini nyote. Mpangaji mmoja huitwa msumbufu. Wapangaji sita huitwa nyumba nzima, na mwenye nyumba hupiga hesabu ya kodi za vyumba sita kabla ya kujibu kwa ukali.

Usimsahau mtu wa katikati. Kwetu sisi mzee wa mtaa, imamu au jamaa wa mwenye nyumba anaweza kumaliza jambo kwa kikombe cha kahawa. Tumia njia hiyo, ni njema na inalinda ujirani. Lakini mkishapatana, makubaliano yaandikwe hata kwa mistari mitatu, na wote watie saini. Suluhu isiyoandikwa inarudi kuwa "nimemwambia".

Akinyamaza, uende wapi

Kwa mambo ya choo, maji machafu, taka, unyevu unaodhuru na nyumba isiyofaa kuishi, mlango wa kwanza ni afisa wa afya ya umma. Utampata katika ofisi za kaunti, kwenye kaunti ndogo yako, au ulizia katika kituo cha afya cha serikali kilicho karibu. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inampa uwezo wa kuja kukagua na kumpa mwenye nyumba notisi ya kuondoa hali yenye kudhuru afya. Akipuuza notisi anaweza kupelekwa mahakamani. Njia hii haina haja ya wakili, na afisa hakuulizi kodi yako ni kiasi gani. Anauliza tatizo liko wapi.

Yule mama wa Kisauni alikwenda na daftari lake, picha, nakala ya barua na karatasi za zahanati. Afisa alifika baada ya siku kadhaa, akaangalia, akaandika notisi. Mwenye nyumba, ambaye alikuwa hana pesa miezi yote ile, alipata pesa. Lori la kunyonya lilikuja, mfuniko mpya ukamwagwa kwa zege, na baadaye ukuta ukapigwa lipu. Sikwambii ilikuwa rahisi. Mwenye nyumba alinuna, na kwa wiki kadhaa salamu zilikuwa za shingo upande. Lakini mtoto alipona, na kodi haikupanda.

Kwa jengo lenye dalili za kuanguka, nguzo zilizoonyesha nondo zenye kutu, dari inayodondoka vipande, au ufa unaopanuka kila mwezi, peleka taarifa kwa wakaguzi wa majengo wa kaunti. Hewa yetu ya chumvi inakula nondo haraka, na jengo lililojengwa kwa mchanga wa bahari ni hatari zaidi. Na kwa stima, mtake mwenye nyumba alete fundi mwenye leseni ya EPRA, asikuletee kijana wa mtaa mwenye bisibisi na utepe mweusi.

Kuhusu mahakama, mambo hutegemea kodi yako. Kuna Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Nyumba, Sura ya 296, inayohusu nyumba za kuishi ambazo kodi yake ya kawaida haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Kiwango hicho ni cha zamani na flati haziingii hapo, lakini vyumba vya nyumba za Kiswahili katika mitaa mingine na miji midogo bado vimo. Ukiwa huko, jopo lililoundwa na sheria hiyo linaweza kumwamuru mwenye nyumba atengeneze ndani ya muda maalum, na asipofanya linaweza kukuruhusu wewe utengeneze na ukate gharama kwenye kodi. Sheria hiyo pia inamfanya mwenye nyumba kuwa mkosaji akikusumbua makusudi ili uhame.

Ukilipa zaidi ya kiwango hicho, kesi ya kumlazimisha atimize wajibu wake huenda kwa hakimu aliyepewa uwezo wa kusikiza kesi za ardhi, au katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kama unachodai ni pesa tu, mfano maji ya paa yameharibu godoro na kabati, iko Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ambapo unaweza kujisimamia mwenyewe na kesi hutakiwa kumalizika ndani ya siku 60. Uliza kwa makarani kama dai lako linaingia huko kabla ya kulipa ada. Mashirika ya msaada wa kisheria kama Kituo cha Sheria hutoa ushauri bila malipo kwa wasiojiweza. Fika ukiwa na karatasi zako.

Jambo moja wengi wetu Waislamu hukosea hapa. Watu hukimbilia kwa kadhi wakidhani atamuamrisha mwenye nyumba kwa kuwa wote ni Waislamu. Katiba imeipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi. Kodi ya nyumba haimo. Ikiwa warithi wanagombania nyumba, hao ndio wenye njia kwa kadhi. Wewe mpangaji huna.

Kutengeneza mwenyewe na kukatana

Mara nyingine njia fupi ni hii: unatengeneza wewe, gharama inakatwa kwenye kodi. Ni njia nzuri hasa pale mwenye nyumba ni mjane au mstaafu ambaye vile vyumba viwili vya kodi ndivyo vinavyomweka, na kwa kweli hana pesa ya pamoja. Wako wengi hivyo, na tusiwahesabu wote kuwa madhalimu. Lakini njia hii ina sharti moja: idhini kwa maandishi kabla fundi hajapanda juu.

Chukua mfano. Kodi ni shilingi 6,000. Kubadilisha mabati manne, misumari na fundi ni shilingi 9,000. Leta bei ya mafundi wawili, mwonyeshe zote. Akikubali, andikeni: mpangaji atatoa 9,000, na kwa miezi mitatu atalipa 3,000 badala ya 6,000, kisha kodi inarudi kama kawaida. Tieni saini, weka risiti za duka. Ukitengeneza bila kuafikiana, anaweza kukwambia hakukutuma, na paa limekuwa zawadi.

Akikwambia hama

Hofu kubwa ya wapangaji ni hii: "Nikidai atanifukuza." Hofu hiyo si ya bure. Mwenye nyumba ana haki ya kukupa notisi, na kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi Sheria ya Ardhi inasema notisi isiwe chini ya mwezi mmoja, na imalizike siku ya kulipa kodi. Lakini hana haki ya kukufungia mlango kwa kufuli lake, kung'oa mabati, kukukatia maji au kukutupia vitu nje. Akifanya hivyo, piga picha, ripoti polisi upate namba ya OB, na uende kwa watu wa msaada wa kisheria siku hiyo hiyo.

Nasema tena, ndiyo maana nasisitiza kodi na karatasi. Mpangaji anayelipa kwa wakati ni mali kwa mwenye nyumba. Chumba kikikaa kitupu miezi miwili kinamla kuliko shimo la choo. Mkumbushe hivyo kwa upole.

Wale waliosoma fiqhi watakumbuka mlango wa ijara. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, yanayofuatwa sana hapa Pwani, matengenezo ya nyumba yako juu ya mwenye kupangisha, na asipofanya haraka, mpangaji ana hiari ya kuvunja mkataba. Mwenye kupangisha ameuza manufaa ya nyumba, na paa linalovuja ni manufaa yaliyopungua. Kwa hivyo mwenye nyumba anayeswali safu ya kwanza na kupokea kodi ya chumba kisichokalika ajue kuwa deni hilo si la Serikali ya Kenya peke yake.

Masika hayamngoji mtu. Kabla hayajaanza, panda kwenye stuli utazame dari, zungukia uani utazame shimo, kagua swichi. Ukiona kasoro, chukua karatasi na uandike tarehe ya leo juu yake. Barua hiyo mkabidhi mwenye nyumba mkononi siku unapompelekea kodi.